Watoto watatu, kosa moja, sababu tatu: tunavyoweza kulipanga somo moja limfikie kila mtoto

#1 Penseli na Kifutio (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu, walimu wenzangu na wazazi mnaopita humu.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nafundisha hesabu watoto wa miaka 10 hadi 12. Nataka tuzungumzie kulirekebisha somo ili limfikie kila aliyemo darasani, na nitaanza na kosa nililolifanya mwenyewe kwa miezi miwili mfululizo.

Tulikuwa kwenye mada ya sehemu. Lengo la somo: mwanafunzi aweze kulinganisha sehemu mbili zenye asili (namba ya chini) tofauti. Nikatoa zoezi, na kwenye swali la 1/4 na 1/8 watoto watatu wakakosa. Wiki iliyofuata wakakosa tena. Nikawaweka meza moja, nikawa nawabakiza baada ya kipindi, nikawarudia somo lilelile kwa maneno yaleyale, ila taratibu zaidi na kwa sauti ya juu zaidi. Darasa zima likajua ile ni meza ya akina nani. Wao wenyewe wakajua pia.

Siku moja niliacha kusahihisha. Nikamwita mmoja mmoja, nikamwambia: "Hebu fanya swali hili huku unaniambia unachowaza."

Wa kwanza alilinganisha 1/4 na 1/3, tena akalinganisha sawasawa kabisa. Ubaoni pameandikwa 1/8. Kutoka pale alipokaa, 8 na 3 vilikuwa kitu kimoja. Hesabu anaijua, macho ndiyo yanayomwangusha.

Wa pili hakuwahi kulifikia swali. Nililiandika kwa mfumo wa habari: mtoto mmoja kasoma 1/4 ya kitabu, mwenzake kasoma 1/8 ya kitabu hichohicho, nani kasoma zaidi? Alikuwa anapambana na neno moja moja, na akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka. Nilipomsomea alijibu kabla sijamaliza.

Wa tatu peke yake ndiye mwenye tatizo la sehemu. Alinitazama kwa kujiamini akasema, "Moja ya nane ni kubwa, mwalimu. Nane ni kubwa kuliko nne." Kwa namba nzima alizozizoea tangu aanze shule, hoja yake haina kasoro. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa kanuni imegeuka.

Kosa moja, sababu tatu. Na dawa niliyowapa ilikuwa moja, haikumfaa hata mmoja. Wa kwanza sikumsogeza mbele. Wa pili sikumsomea. Wa tatu nilimrudishia maneno yaleyale yaliyoshindwa mara ya kwanza. Nimelala na jambo hili siku nyingi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukijadili. Lengo sikuligusa. Wote watatu walibaki na lengo la wenzao. Nilichobadili ni njia ya kulifikia.

Wa kwanza nilimhamisha kiti, nikazungumza na wazazi wake apimwe macho, na kwa muda huo maswali nilimwandikia kwenye karatasi. Wa pili nilimpa jirani wa kumsomea swali mara moja, yeye akachora kwanza alichosikia, kisha akakokotoa. Kujifunza kusoma kunaendelea kwenye vipindi vya lugha, ila sitaki kusoma kumzibie mlango wa hesabu anazoziweza.

Wa tatu ndiye aliyenifanya nibadili somo la darasa zima. Nilikata karatasi ndefu nyembamba zenye urefu sawa, kila mtoto akapata tatu. Ya kwanza ikunje mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Fungua, hesabu vyumba, paka rangi chumba kimoja katika kila karatasi, kisha zipange moja chini ya nyingine. Yule mtoto alipofika kwenye karatasi ya vyumba 8 alinyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini: "Kumbe ukizidi kugawa, kinapungua." Sikuwahi kulisema vizuri hivyo katika miaka yangu yote ya kufundisha. Na watoto ambao swali walilipata tokea mwanzo? Wengi wao walikuwa wamekariri kwamba "asili ikiwa kubwa, sehemu ni ndogo" bila kujua kwa nini. Hao nao walinufaika. Kanuni yao ilivunjika nilipowauliza 3/8 na 1/4, ipi kubwa, karatasi ziliwaonyesha.

Kuna wanne waliomaliza mapema. Hao niliwauliza: tafuteni sehemu iliyo kati ya 1/8 na 1/4. Walipopata 3/16 nikawauliza kama ipo nyingine. Na nyingine? Kengele ililia bado wanabishana kama zitaisha.

Sasa nieleze ninavyofanya siku hizi. Dakika tano za mwisho natoa swali moja. Kila mtoto anajibu kwenye kipande cha karatasi na kunipa anapotoka mlangoni. Nikifika mezani sitoi alama. Nazipanga mafungu: waliopata na njia inaonekana, waliokosa kwa namna inayofanana, na wale ambao siwaelewi walichofanya. Fungu hili la mwisho ndilo ninaloanza nalo kesho yake, kwa kuwauliza, si kwa kuwafundisha. Makundi ya kesho yanatokana na mafungu hayo, nayaandika kwa penseli. Keshokutwa yanafutwa. Mtoto aliyehitaji msaada kwenye sehemu anaweza kuwa ndiye anayewaongoza wenzake kwenye maumbo, na niliwaona hivyo wengi mno nilipoacha meza ya kudumu.

Watafiti wa elimu Paul Black na Dylan Wiliam walipokusanya tafiti nyingi za tathmini ya darasani mwaka 1998, hoja yao kubwa ilikuwa kwamba taarifa unayoipata kwa wanafunzi ina faida pale inapobadilisha ufundishaji unaofuata. Mimi nilikuwa nakusanya alama na kuzijaza kwenye daftari. Zilikaa humo.

Naombeni michango yenu. Ninyi mnafanyaje? Mnakwama wapi?

#2 Darasa la 82

Mwalimu, nimesoma uzi wako wote, umeandika kitu cha maana. Ila nikuulize kwa nia njema: una wanafunzi wangapi?

Mimi nina 82 katika chumba kimoja, na vipindi sita kwa siku. Madawati yamebanana, siwezi hata kupita katikati. Kwenye semina tunaambiwa tuandae shughuli tofauti kwa kila kiwango. Andalio moja la somo linanichukua usiku. Nikiandika matatu nitalala saa ngapi? Wengi wetu tunakubaliana na wazo hili, tukifika darasani tunaliacha, halafu tunabaki na hatia moyoni.

#3 Penseli na Kifutio

@Darasa la 82, swali lako ni halali na limenigusa. Nimewahi kufundisha 70, najua hali ya kusimama mbele bila pa kupita.

Kwanza tuondoe mzigo ambao si wetu: hakuna anayeweza kuandaa masomo matatu kila siku, na mimi siandai. Naandaa moja lenye mlango mpana. Swali la kwanza liwe la namna ambayo kila mtoto ana la kusema, hata aliye nyuma kabisa, na lenye nafasi ya kwenda mbali kwa aliye mbele. "Kokotoa 36 ÷ 4" lina jibu moja na mlango mwembamba. "Niandikie migao yote unayoijua ambayo jibu lake ni 9" linawapokea wote: mmoja ataandika 9 ÷ 1 na kusimama, mwingine atagundua mpangilio na kufika kwenye mamia. Kuandaa swali hilo kumenichukua muda uleule.

Pili, msaada uandike mara moja, uwekwe mahali. Nina pembe ya ubao ambapo naandika dokezo mbili au tatu za zoezi la siku. Anayekwama anatazama, asiyekwama hana haja nalo. Kuna watoto wanaotazama dokezo la kwanza tu kisha wanaendelea wenyewe. Mimi sijamchagulia mtu kundi, wala sijasogea hatua moja.

Tatu, ukimya. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Wengi walisubiri kama sekunde moja, kisha wakamchagua mtu au wakajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya walianza kusema. Mtoto anayefikiri taratibu, anayejifunza kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao, mwenye kigugumizi, hao wote unawafungia nje kwa sekunde mbili. Kwa wanafunzi 82 ukimya unafanya kazi vilevile kama kwa 20. Ongeza na ule mpango wa mtaalamu wa elimu Frank Lyman wa mwaka 1981: fikiri peke yako, mwambie jirani, kisha tuambie wote. Watoto wako 82 watakuwa wamezungumza wote ndani ya dakika mbili, na hakuna dawati lililosogezwa.

Vile vipande vya karatasi 82 usivisome kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha kuanzia.

#4 Maabara

Salaam wadau. Mimi ni mwalimu wa sayansi.

Kwetu tulifundishwa njia nyingine. Mwanzoni mwa muhula unawapa wanafunzi dodoso, unawagawa: wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia, na kwa kutenda. Kisha kila kundi unalipa somo kwa njia yake. Nimefanya hivi miaka minne na watoto wanaipenda. Je, hii si njia rahisi kuliko kuzunguka ukiuliza kila mmoja anawaza nini?

#5 Penseli na Kifutio

@Maabara, nashukuru kwa kulileta hili wazi. Hata mimi nilikuwa na dodoso hilo kwenye faili langu.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Pashler, McDaniel, Rohrer na Bjork, walipitia tafiti zilizokuwepo wakitafuta ushahidi wa jambo moja: kwamba mtoto "wa kuona" akifundishwa kwa picha atafaulu kuliko akifundishwa kwa sauti, na wa kusikia kinyume chake. Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuwagawa watoto kwa mitindo hiyo. Watu wana mapendeleo, hilo hawakulikataa. Lakini ninachokipenda na kinachonifundisha ni vitu viwili tofauti.

Lifikirie somo lako la moyo na mzunguko wa damu. Je, yule uliyemweka kundi la kusikia asione mchoro wa vyumba vinne vya moyo? Na wa kuona asiusikilize mpigo? Moyo wenyewe unadai mchoro, kwa kila mtoto. Matamshi ya lugha yanadai sikio, kwa kila mtoto. Njia inachaguliwa na kitu kinachofundishwa, na pale mtoto anapokwama.

Kazi yako ya miaka minne haikupotea. Ulitengeneza picha, ukatengeneza majaribio, ukaandaa maelezo ya mdomo. Ondoa ukuta uliokuwa katikati yao. Wape wote vyote vitatu, mchoro na maelezo yake vikienda pamoja, utaona tofauti.

#6 Mama wa Watatu

Hodi jamani. Mimi si mwalimu, ni mzazi. Naomba niruhusiwe kusema kidogo.

Mwanangu wa pili ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili. Tuligundua akiwa na miaka 9, baada ya kuambiwa mvivu kwa miaka mitatu. Mtoto yule anaweza kukusimulia habari ya vita vya zamani kwa mpangilio wa matukio, na sababu, na nani alimsaliti nani. Mwambie aandike aya moja, utalia.

Kuna mwalimu alitaka kutusaidia, na najua alitaka kwa moyo wake. Wenzake walipokuwa wakiandika insha ya historia, mwanangu alipewa picha apake rangi. Wiki hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Siku moja akarudi nyumbani akaniuliza mbona yeye anapewa kazi za mdogo wake. Mdogo wake alikuwa na miaka 5. Sikuwa na jibu, nilimkumbatia tu.

Mwaka uliofuata alipata mwalimu mwingine. Huyu aliniita mwanzoni kabisa akaniuliza: "Mama, nyumbani anajifunzaje kitu anachokipenda?" Nikamwambia anasikiliza, kisha anasimulia. Basi kwenye historia akawa anajibu maswali yaleyale ya wenzake kwa mdomo, mwalimu akisikiliza pembeni au mwenzake akimwandikia. Kusoma kwa sauti mbele ya darasa hakumkatazi, ila humwambia jana yake aya atakayosoma, tukaifanyie mazoezi nyumbani mara kumi, mara kumi na tano. Kwenye mtihani wa ndani anaongezewa muda. Kuna mzazi mwenzangu alilalamika kuwa ni upendeleo. Mwanangu kwa muda ule wa kawaida alikuwa anapimwa kasi ya macho yake, historia haikupimwa hata kidogo.

Nilichotaka kusema, walimu wetu, mkimpunguzia mtoto kazi mara kwa mara kwa huruma, yeye anasoma ujumbe mwingine. Anausoma vizuri sana, hata yule asiyejua kusoma.

#7 Penseli na Kifutio

@Mama wa Watatu, shikamoo na asante. Nimesoma mara mbili. Sentensi yako ya mwisho nitaichukua kwenye kikao cha walimu, ukiniruhusu.

Wenzangu, tazameni walimu hao wawili. Wote walibadili kitu. Wa kwanza alibadili lengo, mtoto akatoka kwenye historia. Wa pili alibadili namna ya kuonyesha anachokijua, historia ikabaki palepale. Kabla ya kumrekebishia mtoto zoezi, mimi hujiuliza: hapa napima nini hasa? Kama napima historia, mwandiko ni chombo tu, naweza kukibadilisha. Kama leo napima uandishi wa insha, hapo kumruhusu asimulie kunaniondolea nilichotaka kupima, basi msaada utafutwe kwingine: mpangilio wa hoja tuuchore kwanza, apewe orodha ya maneno magumu, aandike kwa awamu.

#8 Nukta Sita

Nafundisha wanafunzi wenye ulemavu wa kuona na wa kusikia, wakiwa ndani ya madarasa ya kawaida. Nimefurahi kuona uzi huu haukuanza na sisi, kwa sababu watu wakisikia "mahitaji tofauti" hufikiri ni habari ya wanafunzi wangu peke yao.

Nitataja mambo madogo ya kila siku, maana haya ndiyo yanayowaumiza kuliko ukosefu wa vifaa vikubwa.

Unapoandika ubaoni usizungumze. Mwanafunzi asiyesikia vizuri anasoma midomo yako na uso wako, ukigeuka umemzimia taa. Andika, geuka, ndipo useme. Mkalimani wa lugha ya alama akiwepo, zungumza na mwanafunzi, si na mkalimani. Na mpe mtoto nafasi ya kutazama: hawezi kumwangalia mkalimani na kitabu kwa wakati mmoja. Ukisema "fungua ukurasa huu, tazama mchoro, mnaona kwamba..." yeye bado yuko kwenye "fungua".

Kwa asiyeona, maneno "hii", "ile" na "hapa" ni shimo. "Ukichukua hii ukaijumlisha na ile" haimwambii kitu. Sema "ukichukua robo ukaijumlisha na nusu". Walimu wanaojizoeza hivi huniambia kwamba hata wanaoona wanaelewa vizuri zaidi, kwa kuwa mwalimu amelazimika kusema anachomaanisha. Zile karatasi za kukunja, @Penseli na Kifutio, ni nzuri mno kwetu, kwa kuwa mikunjo inapapasika. Badala ya kupaka rangi, toboa au bandika uzi kwenye chumba kimoja.

Na rangi zenyewe mziangalie. Nyekundu na kijani ubaoni, "tazameni walio wekundu", kuna wavulana darasani hawazitofautishi na hawajui kuwa hawazitofautishi. Kwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ni takriban 1 kati ya 12. Kwingine idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo. Ongeza alama: mstari mzito, duara, herufi.

Jambo la mwisho. Louis Braille aliuchapisha mfumo wake wa nukta nundu mwaka 1829 akiwa kijana wa miaka 20, naye alikuwa asiyeona aliyesoma katika shule ya wasioona. Aliujua ugumu kwa vidole vyake mwenyewe. Waulizeni wanafunzi wenu kinachowasaidia. Mimi nilihangaika muhula mzima kumkuzia maandishi mwanafunzi mmoja mwenye uoni hafifu, kumbe alichohitaji ni kukaa mbali na dirisha, mwanga ulikuwa unampiga. Aliniambia nilipomuuliza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 24, unazungumzia marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji ya kila mtu. Ni haki yake. Naomba tusiwafanye watoto washukuru kila mara wanaposogezewa kiti.

#9 Msomaji Mtulivu

Kila mtu anazungumzia wanaobaki nyuma. Binti yangu amekuwa akimaliza kazi katika robo ya muda tangu akiwa na miaka 7. Zawadi yake ni maswali 20 mengine ya aina ileile, au anaambiwa akawafundishe wenzake. Sasa amejifunza kufanya kazi polepole kwa makusudi ili asiongezewe. Huyu naye ana mahitaji, au hana?

#10 Penseli na Kifutio

@Msomaji Mtulivu, anayo, na ninakubaliana na kila neno. Hao tunawasahau kwa sababu alama zao hazipigi kelele.

Watafiti wa mzigo wa akili, yaani kiasi ambacho akili inaweza kukibeba kwa wakati mmoja, akina Kalyuga na Sweller na wenzao, waliandika mwaka 2003 juu ya jambo ambalo linafaa kujulikana na kila mwalimu: maelekezo ya hatua kwa hatua yanayomsaidia anayeanza yanaweza kumzuia anayejua. Anayeanza anahitaji mfano uliokokotolewa mbele yake. Aliyekwisha kuelewa akilazimishwa kuufuata mfano huohuo, akili yake inatumika kusoma asichokihitaji. Mwaka 1976 Wood, Bruner na Ross walikuwa wameutumia mfano wa jukwaa la mafundi wa ujenzi: unalisimamisha ili fundi afike juu, na ukuta ukisimama unalishusha. Binti yako ukuta wake umesimama, lakini bado amezungushiwa miti.

Mpunguzieni maswali na mwongezeeni kina. Akifanya matatu magumu kati ya kumi kwa usahihi, saba yaliyobaki ayaache. Kisha apewe swali ambalo halijulikani litaisha lini: tunga mwenyewe tatizo ambalo jibu lake ni hili, onyesha kwa nini njia hii haiwezi kufanya kazi, tafuta njia ya pili. Kumsaidia mwenzake ni kuzuri kukiwa kwa hiari na mara mojamoja. Kila siku inakuwa kazi ya mwalimu imehamishiwa kwa mtoto.

#11 Maabara

Narudi. Nimekubali hoja ya mitindo, nilikwenda kusoma. Lakini kuna jambo linanisumbua. Umesema uliacha meza ya kudumu. Hapohapo nasikia wapo wanaosifu kupanga watoto kwa kiwango, na kwamba kuna utafiti mkubwa nyuma yake. Sasa tuwagawe au tusiwagawe?

#12 Penseli na Kifutio

Swali zuri sana. Unazungumzia bila shaka kazi ya shirika la Pratham la India, lililoanza mwaka 1995. Wao walikuta watoto wa madarasa ya juu ya msingi wasioweza kusoma aya ya darasa la chini. Wanachofanya: wanampima kila mtoto kwa muda mfupi, mmoja mmoja, ana kwa ana. Je, anasoma herufi? Neno? Aya? Hadithi? Kisha kwa sehemu ya siku wanawapanga kulingana na anachoweza, bila kujali umri wala darasa. Kazi hiyo ilipimwa kwa majaribio ya wachumi, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao pamoja na Michael Kremer walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Katika majaribio kadhaa watoto walipiga hatua wazi katika kusoma na hesabu za msingi.

Tazama kundi lile linavyoishi. Linatokana na jambo moja linalopimika, linadumu saa moja au mbili kwa siku, na mtoto anapimwa tena na kuhamishwa. Mtoto yuko kundi la "maneno" leo kwa sababu bado hajasoma aya, na anajua hasa kinachomtoa humo. Meza yangu haikuwa na mlango wa kutokea. Mtoto aliyekaa pale hakujua afanye nini ili asikae tena, kwa kuwa hata mimi sikujua.

Kwa hiyo nawagawa, kwa kitu mahususi, kwa muda mfupi. Na muda mwingi wa siku wako pamoja, wamechanganyika, wanasikilizana.

#13 Darasa la 82

Nimerudi na taarifa. Alhamisi nilifanya ile ya kipande cha karatasi. Swali moja tu, kujumlisha 1/2 na 1/3. Nilitumia chakula cha mchana kuzipanga, sikutoa alama.

Waliopata na njia inaonekana: 31. Walioandika 2/5, yaani wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: 38. Karatasi tupu: 13.

Hao 38 walinishtua. Wote wana kosa moja, neno kwa neno. Nilikuwa nawaita wazembe. Watu 38 hawawezi kuzembea kwa namna moja. Nikarudi kwenye daftari langu la maandalio, nikaona nilirukia kanuni bila kuwaonyesha kwa nini asili lazima zilingane. Ijumaa nilitumia karatasi zako za kukunja, wakaona wenyewe kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile nusu waliyoanza nayo. Darasa lilichekelea kwa mshangao. Sijasikia sauti ile kwenye hesabu muda mrefu.

Wale 13 nilifuata ushauri, niliwauliza mmoja mmoja, ilinichukua siku mbili. Watano hawakuelewa neno "jumlisha" lilivyotumika na sehemu. Wawili hawajui kabisa sehemu ni nini, walihamia katikati ya muhula. Wawili walisema waliogopa kukosea. Na wanne, mwalimu, hawakuwa na kalamu. Wamekaa nyuma, nafasi haipo ya kupita, sikuwahi kuona. Sijui ni tangu lini.

Sasa nianze na nani?

#14 Penseli na Kifutio

Anza na wale wanne. Weka kalamu nne kwenye kopo karibu na mlango, mtoto achukue akiingia na arudishe akitoka, pasiwe na kuuliza wala kuandikishana jina. Wawili waliohamia wakae na mtu kati ya wale 31 kwa wiki moja, na zile karatasi za kukunja waanze nazo tokea nusu. Waliosema wanaogopa, waambie karatasi ya mlangoni haina alama na haitakuwa nayo, kisha hakikisha haiwi nayo.

Watano wa neno "jumlisha" niachie hadi kesho, nataka nijaribu kitu darasani kwangu kwanza. Hebu niandikie hapa walikueleza nini, kwa maneno yao wenyewe.